Gari fupi ya familia yenye siti saba: jinsi ya kuichagua ukianzia siti ya nyuma kabisa

Watu wengi wakitafuta gari ya familia ya siti saba wanaanza na mambo ya mbele, injini cc ngapi, inakula mafuta vipi, redio ina skrini kubwa kiasi gani, halafu siti za nyuma kabisa wanaziangalia mwishoni, wanazikunja na kuzikunjua mara moja basi wameridhika. Mimi nashauri ugeuze huo mpangilio wote, anzia nyuma uje mbele. Kilichokufanya uache gari ya kawaida ya watu watano ni zile siti mbili za ziada, sasa kama hazikaliki, au zikikaliwa hakuna pa kuweka hata begi la shule, unalipia kitu ambacho huna.

Hapa naongelea gari fupi, za urefu wa kama mita 4 mpaka 4.6 hivi: Toyota Sienta, Toyota Wish, Honda Freed, Suzuki Ertiga, Mitsubishi Xpander, Toyota Avanza, Renault Triber, Dacia Jogger, Volkswagen Touran, Opel Zafira za zamani na wenzao wa saizi hiyo. Yaani gari inayoingia kwenye paking ya gari ndogo ya kawaida lakini ikihitajika inabeba watu saba.

Hatua ya 1: Hesabu watu kwa siku, usihesabu kwa sikukuu

Andika kabisa kwenye karatasi, siku ya kawaida nani anapanda, ana umri gani, mrefu kiasi gani, anashukia wapi. Utajikuta upo kwenye moja ya makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale ambao kila siku wapo wanne au watano, ila mara moja moja bibi na babu wanakuja, au watoto wa ndugu wapo likizo. Nyinyi karibu gari yoyote kati ya hizo itawafaa, tafuteni tu ambayo siti za nyuma zinakunjika vizuri ili muwe na buti kubwa siku nyingine zote. Kundi la pili ni wale ambao wapo sita au saba kila asubuhi, na hapa nasema wazi, gari nyingi za mita 4 zitawachosha, nendeni kwenye zile ndefu zaidi za orodha hii au mkubali kupanda saizi moja juu.

Na usihesabu kwa mwaka huu peke yake. Kama gari utakaa nayo miaka sita, mtoto wa miaka saba anayekaa nyuma kwa raha leo atakuwa na miaka kumi na tatu na magoti yatakuwa yamefika kidevuni.

Hatua ya 2: Ikague siti ya tatu kwa mpangilio sahihi

Hii ndio hatua ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote. Muuzaji akikuonyesha siti ya tatu mara nyingi anakuwa ameshasogeza siti ya kati mbele mpaka mwisho, kwa hiyo nyuma panaonekana pana kabisa, lakini huyo wa kati atakaa wapi? Fanya hivi. Kwanza weka siti ya dereva kama unavyoendesha wewe. Halafu mtu mzima akae siti ya kati, aisogeze mpaka magoti yake yapate nafasi anayoitaka yeye. Sasa ndio mwingine apande nyuma, na siti ya kati isiguswe tena.

Akishakaa angalia magoti, angalia kama miguu inaingia chini ya siti ya mbele yake, maana nafasi ya miguu ndio inayosahaulika sana. Angalia mapaja: kwenye gari fupi sakafu ya nyuma mara nyingi imeinuka kwa sababu ya ekseli au tangi la mafuta, mtu anakaa kama amechuchumaa, mapaja hayagusi siti, na baada ya nusu saa kiuno kinalalamika. Angalia kichwa na dari. Angalia pia kichwa kipo umbali gani na kioo cha nyuma, kwa sababu kwenye gari fupi kati ya mgongo wa siti ya tatu na mlango wa buti pamebaki kidogo sana, na gari ikigongwa kwa nyuma hiyo ndio nafasi yenyewe ya kupokea mshindo. Kila siti ya nyuma iwe na egemeo la kichwa linalopanda mpaka usawa wa kichwa cha anayekaa, na mkanda wa pointi tatu unaopita begani. Kama haina hivyo viwili, achana na hiyo gari.

Mwache huyo mtu akae nyuma dakika kumi na tano bila kushuka, AC ikiwa imewashwa. Vioo vya siti ya tatu kwenye nyingi ya gari hizi havifunguki, kwa hiyo hewa inatoka mbele peke yake au kwenye matundu ya dari kama Ertiga nyingi zilivyo. Gari isiyo na matundu ya hewa kuanzia siti ya kati kwenda nyuma, kwenye joto watoto wa nyuma wanaweza kutapika.

Kisha kuingia na kutoka. Hapa kuna jambo wazazi wenye watoto wadogo wanaligundua wakiwa wameshalipa: ili upite kwenda nyuma inabidi siti ya kati ikunjwe au iinuliwe, na kama juu yake umefunga siti ya mtoto mchanga, haikunjiki. Kila siku utakuwa unafungua siti ya mtoto ili dada yake apite, au dada yake anapitia buti. Kwa hiyo nenda na siti ya mtoto, ifunge pale unapopanga kuifunga, halafu jaribu njia iliyobaki. Ndio maana Honda Freed ya siti sita inapendwa na familia za namna hii, ina siti mbili za kati zilizoachana na katikati kuna njia ya kupita, unapoteza siti moja lakini unapata amani. Freed ya siti saba ina benchi, hiyo njia haipo, soma tangazo vizuri.

Siti zinajificha wapi?

Kila kampuni ina namna yake na kila namna ina gharama yake. Opel Zafira ya kwanza iliyotoka 1999 ndiyo iliyojulikana sana kwa siti za tatu zinazozama kwenye sakafu ya buti, sakafu inabaki tambarare, na gari nyingi za Ulaya zikafuata njia hiyo. Sienta, tangu ile ya 2003, siti za tatu zinapiga mbizi kwenda chini ya siti ya kati, buti linabaki safi kabisa, ila kuzitoa lazima uinue siti ya kati kwanza, kwa hiyo kama kuna abiria amekaa hapo anashuka. Freed siti za nyuma zinainuka na kuning'inia pembeni kushoto na kulia, unapata kimo kizuri cha mizigo lakini upana unapungua na madirisha ya nyuma pembeni yanazibwa. Wish zinalala mbele zinakuwa tambarare, rahisi, mkono mmoja.

Triber na Jogger siti za tatu unazichomoa kabisa nje ya gari. Kwa mtu wa kundi la kwanza hiyo ni nzuri mno, gari inabaki nyepesi na buti kubwa. Ila jiulize zitakaa wapi nyumbani, na ukumbuke kuwa ukizichomoa asubuhi huwezi kuamua jioni kumpa mtu lifti.

Chochote utakachochagua, zikunje na uzikunjue mwenyewe, na mwenzako naye afanye, kwa mikono yake, ikiwezekana akiwa ameshika mtoto.

Hatua ya 3: Buti likiwa na watu saba ndani

Namba kubwa za lita zinazoandikwa kwenye matangazo ni za siti ya tatu ikiwa imekunjwa. Wewe tafuta lita za siti zote saba zikiwa juu. Triber inabaki na 84, Touran ya 2015 kuja mbele 137, Jogger 160, Ertiga ya kizazi cha pili kama 209. Sasa begi dogo la kuingia nalo kwenye ndege, la sentimita 55 kwa 40 kwa 20, ni lita 44. Kwa hiyo Triber ni begi moja, labda na la pili ukilibana, Touran ni matatu, Ertiga ni manne hivi na vimfuko. Watu saba na mabegi saba haviingii pamoja kwenye gari yoyote ya saizi hii, yeyote anayekuambia inawezekana hajawahi kujaribu.

Suluhisho ni keria ya juu au boksi la juu, ila soma kitabu cha gari uone paa linaruhusiwa kilo ngapi. Reli za Jogger kwa mfano ni mpaka kilo 80, na kwenye gari kwa ujumla uzito wa keria na boksi lenyewe unahesabiwa humo humo. Juu weka vitu vyepesi, mablanketi na nguo. Ukipandisha magunia juu ya gari ndefu kwenda juu na nyembamba, kona zinakuwa hatari.

Hatua ya 4: Uzito, kitu ambacho karibu hakuna anayekiuliza

Siti saba haimaanishi gari imepewa nguvu ya kubeba watu wazima saba na mizigo yao. Kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, au kwenye kadi ya gari na kitabu chake, kuna uzito wa juu unaoruhusiwa gari ikiwa imejaa. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndio haki yako ya watu na mizigo.

Mfano, gari tupu ni kilo 1,300 na mwisho wake ni 1,800, una kilo 500. Watu wazima wanne wa kilo 75 ni 300, watoto watatu wa kilo 35 ni 105, jumla 405. Umebaki na 95 za mizigo, na hapo hujaweka siti za watoto. Watu wazima saba peke yao ni 525, tayari umepita. (Angalia pia kama uzito wa gari tupu kwenye makaratasi umeshamhesabu dereva, vipimo vya Ulaya huwa vinamweka ndani kwa kilo 75.)

Gari iliyozidishwa breki zinachelewa, matairi yanachemka, nyuma inakaa chini na taa za mbele zinamulika angani. Na injini ndogo inahema. Injini ya lita 1.0 ya Triber, nguvu farasi kama 72, mjini na watoto inaenda vizuri tu, ila mkiwa saba kwenye mlima mrefu na AC imewashwa mtaenda polepole nyuma ya lori na kulipita itabidi uhesabu mara mbili. Lita 1.5 ndio naiona sehemu nzuri ya kuanzia kwa familia inayosafiri masafa marefu ikiwa imejaa, na 1.8 kama kwenu ni milima.

Hatua ya 5: Watoto na usalama

Hesabu sehemu zenye ISOFIX (vishikizo vya chuma vya kufungia siti ya mtoto bila mkanda) na ujue zipo siti zipi, sio kuuliza tu kama ipo. Nyingi zina mbili, zote siti ya kati pembeni. Touran ya 2015 ilikuja na uwezekano wa siti mpaka tano za nyuma kuwa na ISOFIX, hiyo ni nadra sana. Kama una watoto watatu wa siti maalumu, peleka zote tatu ujaribu kuzifunga sambamba, maana benchi lililogawanywa vipande viwili, asilimia 60 kwa 40, la gari nyembamba mara nyingi linakubali mbili tu, na buckle ya katikati inafunikwa. Gari yenye siti tatu za kati zinazojitegemea na zenye upana sawa ndio inayoweza.

Mtoto mchanga aangalie nyuma, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya siti za watoto, UN R129, inasema angalau mpaka miezi 15, na kadri anavyoenea muache hivyo zaidi. Siti inayoangalia nyuma usiifunge mbele kwenye mfuko wa hewa ambao haujazimwa, hata kwa safari ya dakika mbili.

Uliza mifuko ya hewa ya pembeni, ile ya pazia, inafika mpaka siti ya tatu au inaishia ya pili. Gari nyingi inaishia ya pili. Kuhusu nyota za majaribio ya ajali, soma sababu zake pia: Jogger ilipata nyota 1 kwa Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari, mwaka 2021, na moja ya sababu ilikuwa siti za tatu hazina kengele ya kukumbusha mkanda. Hiyo haimaanishi uipuuze nyota moja, ina maana wewe dereva ndiye utakayegeuka kuangalia mikanda ya nyuma kila safari.

Hatua ya 6: Milango

Sienta na Freed zina milango ya kuslaidi, wengine wengi niliowataja wanafungua kawaida. Kwa watoto na paking za kubanana, wa kuslaidi unashinda mbali sana. Kama ni wa umeme, ufungue na kuufunga mara kadhaa gari ikiwa imepaki kwenye kamlima, usikilize motor na ukague reli ya chini kama ina kutu au mchanga. Kuutengeneza sio rahisi.

Hatua ya 7: Injini, gia na kimo

Hapa napita haraka kwa sababu fundi wako anazijua, ila haya yashike. Sienta ya kwanza ina 1NZ-FE ya lita 1.5, injini iliyotapakaa duniani, ina cheni ya taimingi sio mkanda, na fundi asiyeijua ni wachache. Wish ya 2003 ya 1.8 ina gia otomatiki ya kawaida ya spidi nne, ile ya 2.0 ina CVT (gia otomatiki isiyo na ngazi za gia) na mfumo wa D-4 wa kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa mtu anayetaka gari isiyo na makuu mimi namwambia achukue 1.8. Chomoa dipstiki uangalie oili, hizo zilizotembea sana nyingine zinakula oili.

Gari yenye CVT lazima oili yake iwe ya CVT, sio ATF, oili ya gia otomatiki za kawaida, na uulize ilibadilishwa lini. Ukiendesha ikitetemeka wakati wa kuondoka au kelele ya kuvuma ikipanda na spidi, iache. Haibridi ya Freed ya 2016 inatumia gia ya klachi mbili, tofauti na ile ya kabla yake yenye CVT, kwa hiyo utafute fundi aliyewahi kuishika kabla hujanunua. Na haibridi yoyote, jua tundu la kupozea betri lipo wapi, mara nyingi lipo karibu na siti za nyuma, na ukilifunika na mabegi betri inachemka.

Avanza mbili za kwanza zinasukuma kwa tairi za nyuma, kuanzia ya mwisho wa 2021 ni za mbele. Kama barabara zako ni mbovu angalia kimo cha tumbo la gari toka ardhini, Jogger ina kama milimita 200 na Xpander zipo zaidi ya hapo, ila kimo kinachokuhusu wewe ni kile cha gari ikiwa imejaa watu saba, sio ikiwa tupu kwenye picha.

Hatua ya 8: Kama ni mtumba

Gari ya siti saba inachoka nyuma. Simama mbali kidogo uitazame kwa ubavu, kama nyuma imekaa chini bila mzigo basi springi na shokapu zimefanya kazi sana. Vuta mikanda yote saba mpaka mwisho, kisha uiachie uone kama inarudi yenyewe, na angalia kama imechanika au ina alama ya maji. Inua kapeti chini ya siti ya tatu na sehemu ya tairi la spea: kutu, tope kavu au harufu ya uvundo ni dalili ya mafuriko. Reli za siti ya kati ziangalie kwa tochi. Siti zote ziinue, zikunje, zifunge, klipu moja iliyovunjika kwenye siti ya nyuma inaweza kukosa spea kabisa.

Matairi yana namba nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama gari inatoka Japani, omba karatasi ya ukaguzi ya mnada, ukiona daraja R au RA ujue imewahi kupigwa na kutengenezwa. Linganisha mileji ya karatasi na ya dashibodi, na uangalie uchakavu wa usukani na pedali kama unaendana.

Hatua ya 9: Iendeshe ikiwa imejaa

Usikubali kuzunguka kwa dakika tano wewe na muuzaji. Peleka familia nzima, na siti za watoto. Panda mlima, shika breki kwa nguvu mahali salama, pita kwenye matuta usikilize kama nyuma inagonga chini. Rudi rivasi ukiwa na vichwa viwili nyuma kabisa, ndio utajua kama kioo kinaona kitu au unategemea kamera tu. Halafu muulize aliyekaa nyuma, peke yake, bila wewe kumjibia.

Hatua ya 10: Ukishainunua

Kwenye kibandiko cha upepo kuna namba mbili, ya gari nyepesi na ya gari iliyojaa, siku za safari weka ya pili, tairi zikiwa baridi, ukirudi punguza. Kile kigurudumu kidogo cha kushusha taa, kawaida kipo upande wa usukani, kishushe mkijaa ili usiwapofue wanaokuja. Mzigo mzito uwe chini na umebanwa na mgongo wa siti, na nyuma ya siti ya tatu usipange kitu kuzidi usawa wa egemeo, kikiruka kinampiga mtoto kichwani. Angalia kama una spea au ni kopo la kuziba pancha tu, na jeki ipo wapi, maana kwenye gari hizi huwa imefichwa chini ya siti au ubavuni na hutaki kuitafuta usiku watu saba wakiwa nje.

Na kila anayekaa nyuma umfundishe kutoka mwenyewe. Gari nyingi zina kamba au kishikio chini ya mgongo wa siti ya kati, ukikivuta kutokea nyuma siti inakunjika. Mwache mtoto akivute yeye gari ikiwa imesimama, arudie mpaka asihitaji kuuliza, na kama hana nguvu za kukivuta basi siti ya kati ya mbele yake akae mtu mkubwa anayejua kuikunja haraka.